Tahadhari: Usikubali Kubadilishiwa Betri ya Haibridi Kabla ya Kuonyeshwa Vipimo

Ndugu wenye magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli pamoja na umeme wa betri, yaliyokwisha kula miaka, naomba mnisome kabla hamjatia saini karatasi yoyote kwenye karakana ya wakala. Nusura nilipie betri kubwa mpya ambayo gari langu halikuihitaji, na bei niliyotajiwa ilikaribia thamani ya gari lenyewe.

Gari ni Toyota Prius ya mwaka 2008. Siku moja iliwaka ile pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, feni inayopoza betri ikaanza kuvuma kwa nguvu nyuma ya kiti, na kipimo cha chaji kikawa kinapanda na kushuka bila mpangilio. Nililipeleka kwa wakala wa kampuni, nikalipa ada ya upimaji, na baada ya muda mfupi nikaambiwa kwamba kompyuta ya gari imetoa msimbo wa hitilafu P0A80, hivyo betri imekufa na sina njia nyingine. Nilipoomba kuchapishiwa vipimo, nilijibiwa kwamba hizo ni taarifa za ndani. Kisha nikaonywa nisithubutu kuondoka na gari kwa kuwa lingenizimikia barabarani, huku kalamu ikisogezwa mbele yangu.

Hapo ndipo wengi wetu tunaponaswa. Jina rasmi la msimbo huo linamaanisha, neno kwa neno, kwamba betri ya haibridi ibadilishwe, kwa hiyo fundi asiyetaka kujisumbua husoma jina, akaandika ankara na kumwita mteja anayefuata. Lakini msimbo hautokani na mtu aliyeifungua betri na kuiona. Betri ya Prius ya kizazi hicho ina moduli 28, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa pamoja, zenye jumla ya volti 201.6, na kompyuta yake huzisoma mbili mbili, yaani makundi 14. Kundi moja likionekana kupishana sana na mengine, taa huwaka. Kupishana huko kunaweza kuwa kwa kweli, kwa sababu moduli imechoka, au kukawa kwa uongo, kwa sababu vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vimeshika kutu na kompyuta inapokea usomaji mbovu.

Sikutia saini. Nilimtafuta fundi anayezifungua betri hizi kila siku, naye aliunganisha kifaa chake, akaendesha gari nikiwa pembeni yake nikitazama skrini: makundi 13 yalikwenda pamoja, na moja likawa linaruka peke yake kila alipokanyaga mafuta. Alipofungua kifuniko, vipande vya shaba vilikuwa vimefunikwa ukungu wa kijani, na mapanga ya feni yalikuwa yamevaa blanketi la vumbi na nyuzi za mazulia. Alivisafisha vile vipande, akabadilisha vilivyoliwa, akasafisha feni. Taa haijarudi tangu hapo, na sasa ni miezi tisa.

Nasisitiza kwamba asiwepo wa kujaribu kazi hiyo nyumbani kwa kuwa ameona video. Nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoua. Fundi huyo alichomoa kwanza plagi ya usalama ya betri, akavaa glavu za umeme, na akasubiri zaidi ya dakika 10 kabla ya kugusa chochote.

Wala sisemi kwamba betri hazifi. Zinakufa, na gari la umri huo likifika hapo, betri mpya ndiyo dawa, kwani anayekuuzia moduli moja ya mtumba mara nyingi atakuona tena baada ya muda mfupi, moduli nyingine ikiwa imefuata. Ninachokataa ni hukumu isiyo na ushahidi. Dai uone volti za makundi yote 14 gari likiwa linaendeshwa, uulize kama feni imefunguliwa, na kama betri ndogo ya volti 12 imepimwa, maana ikidhoofika nayo huwasha taa za kila aina.

Isomeni pia fomu ya kazi kwa makini. Yangu ilikuwa na mstari wa herufi ndogo unaowaruhusu kufanya "kazi nyinginezo zitakazobainika", na chini yake walikwisha kuongeza pampu ya kupoza inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota. Nilifungua kifuniko cha chupa ya maji yake gari likiwa baridi, nikaliwasha mpaka neno READY (gari liko tayari) likatokea kwenye dashibodi: maji yalikuwa yakizunguka kama kawaida, pampu nzima kabisa.

Nimewaandikia kudai ada yangu ya upimaji nikiambatanisha makadirio yao na picha za vipande vile vya shaba. Hadi leo hawajajibu.