Ziara ya Itinerari Segreti, Palazzo Ducale, Venice: nyota tano kutoka kwa karani mstaafu

Binti yangu anasoma Padova, ndiye aliyenikatia tiketi. Palazzo Ducale ni jumba lililokuwa makao ya serikali ya Jamhuri ya Venice, na Itinerari Segreti ni ziara ya vyumba vyake ambavyo mwenye tiketi ya kawaida haruhusiwi kuingia. Lazima uweke nafasi mapema. Mnakwenda kikundi kidogo na mwongozaji, kwa Kiitaliano, Kiingereza au Kifaransa, kama saa moja na robo hivi.

Wenzangu walikuwa na hamu na chumba cha mateso. Kamba inaning'inia katikati, basi. Mimi maisha yangu yote ya kazi nilikuwa masjala, kwa hiyo nilikwama kwenye kanselari ya siri, yaani ofisi ya nyaraka za serikali: makabati ya mbao yamezunguka kuta zote, na milangoni zimechorwa nembo za makansela wakuu kuanzia 1268. Jamani, hii ni masjala ya siri kabisa! Balozi wao wa Istanbul aandike habari za meli za Sultani, halafu barua isionekane inapotakiwa, si kazi bure? Baraza la Watu Kumi, chombo cha usalama wa dola kilichoundwa 1310, lilielewa kwamba ujasusi bila majalada ni umbea.

Walikuwa pia na Giovanni Soro, aliyeajiriwa 1506 kufumbua maandishi ya siri. Alisifika mpaka makao ya Papa yakawa yanampelekea barua zilizowashinda. Mwaka 1542 akapewa wasaidizi wawili, wote wakifanya kazi humu humu jumbani.

Kwenye seli ya Casanova, yule Mvenisi maarufu kwa visa vya mapenzi, chini ya paa la madini ya risasi, kila mtu alitoa simu. Ni kweli alitoroka 1756 kwa kupitia paani. Lakini alirudi mjini 1774, na baadaye akawa anawapelekea taarifa wale wale Wachunguzi wa Dola, mahakimu wa usalama waliomfunga! Hilo halikuulizwa na mtu.

Tiketi hiyo hiyo inakuruhusu kuzunguka jumba zima, kwa hiyo usikipite chumba cha Sala della Bussola. Kuna tundu la kutumbukizia barua za mashtaka, na sanduku lake linafunguliwa kwa upande wa ndani. Barua isiyo na jina ilipigiwa kura kwanza kabla ya kushughulikiwa. Ofisini kwetu nako kulikuwa na sanduku la maoni. Ufunguo wake sikuwahi kuuona.

Ngazi ni nyembamba na baadhi ya milango ni mifupi. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa kubanwa abaki kwenye kumbi kubwa.