Kitabu cha Milgram Kuhusu Utii
Obedience to Authority, kitabu alichokitoa mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram mwaka 1974, kinaeleza majaribio ya Chuo Kikuu cha Yale ambamo watu wa kawaida waliamriwa kumwadhibu mwenzao kwa umeme, ambao kwa kweli haukuwapo, kila alipokosea jibu. Katika jaribio la kwanza kuchapishwa, washiriki 26 kati ya 40 walifika volti 450, kiwango cha juu kabisa. Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni jaribio ambamo wasaidizi wawili wa Milgram, waliojifanya washiriki na kuketi na mshiriki halisi, waligoma kuendelea, kwani hapo waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Sura za nadharia zinachosha, na utetezi wa Milgram wa kuwadanganya washiriki haukuniridhisha. Lakini mazungumzo yao, wakilalamika huku wakiendelea kubonyeza swichi, yatosha kuhalalisha bei ya kitabu.