Treni ya Tazara, Kapiri Mposhi hadi Dar: tathmini kwa msafiri wa Lubumbashi

Anayetaka kwenda Dar es Salaam kutoka Lubumbashi bila ndege ana njia mbili: basi linalopita Tunduma, mpakani mwa Zambia na Tanzania, akae amekunja magoti mchana na usiku, au treni ya Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, inayoanzia Kapiri Mposhi nchini Zambia, alale amenyoosha miguu. Treni ni ya polepole na saa zake si za kuaminika. Hata hivyo, kwa aliye na watoto, mzee au mgongo unaouma, treni inashinda basi, mradi anunue daraja la kwanza na asiwe na miadi siku ile ile ya kufika. Mwenye gari linalomngoja bandarini, huku gharama za kulihifadhi zikihesabiwa kwa siku, apande basi tu.

Reli hii ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Upana wake, milimita 1,067, ni ule ule wa reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo, inayotokea Sakania mpakani, ndiyo maana behewa la shaba linaweza kutoka Katanga likafika Dar bila kupakuliwa. Shaba inapita, abiria hapiti: treni ya watu ya kuunganisha Lubumbashi na Kapiri hakuna. Kwa hiyo safari inaanza barabarani.

Hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kilomita 90 hivi. Msururu wa malori usikutishe, maana mtembea kwa miguu ana njia yake. Kinachokula muda ni madirisha. DGM, yaani uhamiaji wa Kongo, wanagonga muhuri wa kutoka, kisha upande wa Zambia wanaangalia pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo itaulizwa tena Tunduma, kwa sababu unatoka nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo iwekwe ndani ya pasipoti, si chini ya valizi. Karatasi ya kuvuka ya siku moja wanayotumia wachuuzi haikufikishi Kapiri. Habari za viza ziulizwe mapema, Zambia na Tanzania kila moja kwa upande wake, kwa kuwa masharti hubadilika. Ukishavuka, magari yanakwenda Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, kisha Kapiri. Kwa karatasi ni safari ya siku moja. Kwa vitendo, ondoka Lubumbashi siku moja kabla ya treni ukalale Ndola au Kapiri kwenyewe. Anayetoka alfajiri ya siku ya treni anacheza kamari, na kadi zimeshikwa na watu wa madirishani.

Kapiri ina vituo viwili na madereva huchanganya. Kile cha reli za Zambia, cha treni za Lusaka na Ndola, sicho. Mwambie dereva waziwazi: kituo cha Tazara, kile kinachoandikwa New Kapiri Mposhi.

Sasa siku zenyewe. Kwa desturi treni ni mbili kwa wiki kila upande, Mukuba na Kilimanjaro, na kutoka Kapiri huondoka Jumanne na Ijumaa, mchana kuelekea jioni. Mukuba husimama vituo vichache zaidi, hivyo ndiyo ya kuchagua. Lakini usinunue chochote kwa kutegemea sentensi hizo. Mnamo Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi reli hii kwa kampuni ya China ya CCECC, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na ukarabati wa njia iliyo moja tu maana yake treni za abiria zinaweza kupunguzwa, kukatwa mpakani au kusimamishwa kwa muda. Pigia kituo wiki moja kabla, kisha pigia tena siku mbili kabla. Ukiwa na ndugu Lusaka, mtume Jengo la Tazara, barabara ya Independence. Jibu la mtu aliyesimama mbele ya dirisha lina uzito kuliko ratiba yoyote inayozunguka kwenye simu.

Tiketi: daraja la kwanza ni chumba cha vitanda 4, la pili ni vitanda 6, halafu kuna mabehewa ya viti. Tofauti ya bei kati ya la kwanza na la pili ni ndogo kuliko tofauti ya usingizi. Katika la pili, mchana wote 6 mnakaa kwenye vitanda vya chini, na anayetaka kujinyoosha saa nane mchana anakwea juu kabisa, karibu na dari, kwenye joto. Vyumba hugawanywa wanaume kwao na wanawake kwao. Mume na mke wanaotaka kuwa pamoja wanalipia chumba kizima, vitanda vyote 4, hata kama ni wawili, na hapo ndipo treni hii inapokuwa starehe kweli: mlango una komeo lako, mizigo iko chini ya kitanda, watoto wanacheza bila kumkanyaga mtu. Familia ya watu 4 isifikirie mara mbili. Viti ni vya mwenye kushuka Serenje au Mpika. Kwenda navyo hadi Dar ni kuumia bure, heri basi.

Kitanda kwa kawaida huwekwa kwa simu na kulipiwa kabla ya kuondoka. Kosa la kawaida ni mtu kuweka nafasi, asilipe, kisha afike saa moja kabla akute kitanda kimeuzwa. Lipa mapema, na uhakikishe tiketi ina namba ya behewa, ya chumba na ya kitanda. Chagua cha chini kama una mtoto au mzee. Cha juu kina usalama zaidi kwa mali yako, lakini treni hii inaposhika breki au kuanza kuvuta, mabehewa hugongana mfululizo kutoka mbele hadi nyuma, na aliyelala juu bila kushika kitu huamka akitafuta pa kushika.

Fedha zinahitaji mpango. Franga za Kongo mwisho wake Kasumbalesa. Badilisha pale upate kwacha za tiketi, chakula na za dharura, si zaidi. Noti za kwacha ziwe za mfululizo mpya uliotoka Machi 2025, usikubali za zamani hata kama anayekupa anaapa. Dola ziwe safi na za miaka ya karibuni: jicho lile lile unalotumia Lubumbashi kukagua noti iliyochanika, ongeza kuangalia mwaka, kwani Tanzania noti kuukuu hupewa bei ya chini au hurudishwa. Tena tangu 2025 Tanzania imekataza kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo usitegemee kulipa hoteli ya Dar kwa dola kama ulivyozoea nyumbani.

Mpakani, Nakonde kwa Zambia na Tunduma kwa Tanzania, maofisa wa uhamiaji hupanda treni. Pamoja nao hupanda wabadilishaji wenye mabunda ya shilingi mkononi. Hawa hawakwepeki, maana baada ya hapo mkahawa wa treni unataka shilingi na kwacha haina kazi tena. Namna ya kufanya ni hii: jua bei ya siku kabla ya kufika, kwa kuuliza abiria wawili watatu wa Kitanzania, pokea shilingi kwanza, zihesabu mwenyewe, noti moja moja, mlango ukiwa wazi, ndipo utoe kwacha. Akizichukua tena "kuzihakikisha" halafu akazirudisha, hesabu upya. Bunda likirudi mara ya pili huwa jembamba.

Hapo hapo saa inaruka. Lubumbashi na Zambia zina saa zile zile, Tanzania iko mbele kwa saa 1. Na Mtanzania akikwambia treni itaondoka saa nne, ana maana ya 10:00 asubuhi. Mwenye kuhesabu kwa mtindo wa Kifaransa atachelewa.

Jambo moja dogo linalowapata wengi wanaotoka kwetu: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu 1 Juni 2019. Chakula cha njiani kiwe kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa.

Kuhusu chakula, behewa la mkahawa ni zuri siku ya kwanza na linachoka kila siku inayopita. Mwanzoni kuna bukari (ugali), wali, kuku, nyama, samaki, na bia baridi ya Mosi. Treni ikichelewa, vinavyokwisha kwanza ni kuku na soda baridi, na mwishoni unaweza kubaki na wali na maharage. Agiza mapema, kabla ya giza. Beba maji lita 5 kwa mtu mmoja, mkate, karanga, na kitu cha chumvi. Vituoni akina mama huuza mayai, ndizi na mahindi hadi dirishani. Kuanzia Mbeya hadi Makambako parachichi ni nzuri, na Mlimba na Ifakara ni nchi ya mpunga. Shika chenji ndogo mkononi, maana treni haingoji mtu arudishiwe.

Choo kiko mwisho wa behewa. Maji ya bomba hupungua usiku wa pili, na bafu usilihesabu kabisa. Chupa moja ya lita 1.5 ijazwe mapema kwa ajili ya choo peke yake. Karatasi na sabuni ni zako. Soketi za umeme hazina uhakika, basi beba betri ya akiba ya simu. Laini ya Kongo nayo ni ghali ukishavuka, nunua ya Zambia Kapiri na ya Tanzania Tunduma. Kati ya Serenje na Mpika, na tena ndani ya hifadhi ya wanyama upande wa Tanzania, mtandao hupotea kwa muda mrefu.

Dirisha ndilo lango la mwizi. Usiku, treni ikisimama kituo chenye giza, mkono huingia na kutoka na simu iliyowekwa kwenye meza ndogo. Kioo kinachoteremshwa hakifungi sawasawa, hivyo kibanwe kwa kipande cha mti kilichosimamishwa kati ya ukingo wa juu wa kioo na fremu. Ukute mti umekwisha kuwekwa chumbani, shukuru. Usipoukuta, uwe na wako, uukate kwa kisu hadi ukae barabara. Shuka na blanketi hutolewa, lakini kitenge kimoja cha kujifunika hakijawahi kumzidi mtu mzigo, hasa Juni na Julai, kwani reli hupanda hadi zaidi ya mita 1,780 karibu na Uyole, Mbeya, na baridi yake ni ya milima kweli. Kisha inateremka bonde la Kilombero, na huko ni joto na mbu. Nguo za aina mbili, na dawa ya mbu iwe karibu.

Kuhusu kuchelewa. Njia ni moja, kwa hiyo treni mbili zikikutana, moja inangoja kwenye kituo cha kupishana. Injini za dizeli ni chache na zimezeeka. Penye reli mbovu dereva anaamriwa kupunguza mwendo. Na treni ya mizigo ikitoka relini, kila kilicho nyuma yake kinasimama hadi ivutwe. Masika huongeza mmomonyoko wa tuta. Ratiba inahesabu usiku 2. Wewe hesabu 3, na usiku wa nne uwe mfukoni. Usinunue tiketi ya ndege au ya boti ya Zanzibar ya siku ile ile. Ikifika kwa wakati, hasara yako ni usiku mmoja wa kulala Dar.

Macho hayalipiwi, na hapa treni inastahili sifa zake zote. Kati ya Mpika na Kasama unavuka mto Chambeshi, ambao maji yake yanapita Bangweulu na kuwa Luapula, mpaka wetu wenyewe. Kutoka Makambako hadi Mlimba reli inateremka kwa mahandaki na madaraja mengi. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo 3 za mita 50. Baadaye, kuelekea Matambwe na Kisaki, unapita hifadhi iliyokuwa Selous, ambayo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere: twiga, pundamilia, swala, na tembo ukibahatika, bila kulipa kiingilio. Tatizo ni kwamba ukichelewa saa 10 au 12 unapita hapo usiku na huoni ila giza. Hakuna wa kumdai.

Stesheni ya Dar iko barabara ya Nyerere, mbali kidogo na Kariakoo. Patana bei na teksi kabla ya kupakia, au tumia programu ya simu. Ile ya treni mpya ya umeme ya Dodoma, iliyoanza 2024, ni stesheni nyingine mjini. Usikubali kuambiwa ni hapo hapo. Na kabla hujatoka mlangoni, pita dirishani uulize kuhusu tiketi ya kurudi: vitanda vya daraja la kwanza ni vichache, na wafanyabiashara wanaorudi na mizigo huvichukua siku kadhaa kabla.