Kifaa cha ELM327 na msimbo wa P0011: uzoefu wangu Bukavu

Nimetumia kifaa hiki cha kusomea misimbo ya injini kwa miezi minne sasa, na ninaandika kwa sababu kiliniepusha kununua cheni ya injini ambayo gari langu halikuihitaji. Ni kile kidude cheusi cha aina ya ELM327, kidogo kama kiberiti, kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani na kuwasiliana na simu kwa Bluetooth. Nilikinunua Nyawera kwa dola 15, na programu ya simu sikuilipia.

Gari lenyewe ni Toyota RAV4 ya mwaka 2006 yenye injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4. Taa ya njano ya injini iliwaka asubuhi moja nikiwa kwenye foleni ya magari mtaani Essence, na tangu siku hiyo kila niliposimama injini ilitetemeka hadi usukani ukacheza mikononi, na mara mbili ilizimika kabisa, ingawa milima ya Kadutu iliipanda bila kulalamika. Fundi wa kwanza alisoma P0011 kwenye mashine yake, akaniambia palepale, "Papa, hiyo ni cheni," na kutaja dola 350 bila hata kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Hilo la kijiti liliniuma kuliko bei.

Kifaa changu nacho kilisoma P0011, bila msimbo mwingine wowote. Msimbo huo unasema kwamba kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya upande wa kuingiza hewa imetangulia kuliko inavyotaka kompyuta, lakini hausemi ni nini kilichoitanguliza. Cheni iliyolegea sana au kuruka jino mara nyingi huleta P0016, maana kamshafti na krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni na kuunganishwa nayo kwa cheni, hazipatani tena, na hitilafu ya umeme kwenye sensa ya kamshafti huleta P0340. Programu ilinionyesha pia kumbukumbu ya dakika ile taa ilipowaka: injini ilikuwa imekwisha kupata joto, nyuzi 88, na mizunguko ilikuwa chini ya 700 kwa dakika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mlimani gari lilikuwa zima na kwenye foleni likawa gonjwa. Valvu za kuingiza hewa zikifunguka mapema mno wakati injini inakwenda polepole, moshi uliokwisha kuungua hurudi na kuchanganyika na hewa mpya, na injini hukosa pumzi.

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi anapaswa kulijua. Programu huonyesha namba za nyuzi za pembe, si za joto, zinazopanda na kushuka, na wengi hudhani ni za kamshafti, kumbe ni za wakati wa plagi kutoa cheche. Pembe ya kamshafti haimo katika orodha ya vipimo vya kawaida vinavyotolewa na kila gari, na simu yangu haikuionyesha kamwe. Kwa hiyo kazi iliyobaki tuliifanya kwa mikono, mimi na fundi kijana wa Panzi ambaye ninamheshimu kwa utulivu wake.

Kwanza alichomoa kijiti: oili ilikuwa nyeusi na nzito, na kiwango kilikuwa chini ya alama ya pili. Kisha, injini ikiwa inanguruma, alichomoa waya wa ile valvu ya oili inayosogeza kamshafti. Bila umeme, kamshafti ilipaswa kurudi nyuma na injini kutulia, lakini mtetemo uliendelea vilevile, nasi tukajua kwamba valvu imekwama ikiwa wazi. Mita ilisoma omu 7.3, ndani ya kipimo cha 6.9 hadi 7.9, maana yake koili yake ilikuwa nzima. Alipoitoa, kipini chake hakikusogea hata alipokisukuma kwa bisibisi, na chujio lake dogo lilikuwa limezibwa na tope jeusi linalonata kama lami. Tuliviosha vyote, tukabadilisha oili na filta, tukaweka 5W-30, kisha nikafuta msimbo kwa simu. Haujarudi.

Kasoro zake ninazijua pia. Kinakula umeme wa betri hata ufunguo ukiwa umetolewa, kwa hiyo kisiachwe kwenye soketi usiku kucha. Na shemeji yangu alipokijaribu kwenye gari lake la zamani lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, kiliingia vizuri kwenye soketi, taa yake ikawaka, lakini kompyuta ya gari haikujibu kitu. Muuzaji akikubali, kijaribu kwenye gari lako kabla ya kumpa pesa.