Kalenda ya Google kwa mratibu wa harusi: miaka miwili ya kuitumia Tanga

Naratibu harusi na sendofu hapa Tanga, nyingi zikiwa za Ngamiani na Makorora. Kwa miaka miwili sasa ratiba zangu zote zimo kwenye kalenda ya Google ya simuni. Ni ya bure. Zamani nilikuwa na kaunta buku peke yake, na sijaliacha: ahadi na michango ya kamati bado naandika humo. Lakini kaunta buku halikuamshi alfajiri.

Nieleze ninavyoitumia, maana thamani yake iko hapo. Kila harusi ina jambo moja lisilosogea. Kwetu mara nyingi ni ndoa ya msikitini baada ya sala ya Alasiri. Hilo naliingiza kwanza, kisha nahesabu kurudi nyuma. Wageni wakitoka msikitini wakute biryani tayari, basi wali uwe umepaliwa makaa saa 9 mchana. Nyama iwe jikoni saa 4 asubuhi, na kutoka buchani iwe imefika saa 12. Vitunguu vimenywe na kukatwa jana yake, kwani kwa watu 300 hiyo tu ni kazi ya jioni nzima. Kila kimoja nakipa nafasi yake na vikumbusho viwili: siku moja kabla na saa mbili kabla. Cha siku moja kabla ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu mpishi akisema anaumwa bado nina usiku mzima wa kutafuta mwingine.

Chakula nimekipa rangi nyekundu, ukumbi kijani, na mambo ya bi harusi (hina, saluni, gari) zambarau. Jumamosi yenye harusi mbili, natazama mara moja tu nikaona palipogongana.

Sasa jambo la kuangalia sana. Saa zake ni za kizungu, na sisi tunahesabu za Kiswahili. Mwaka wa kwanza nilimtumia mpambaji picha ya ratiba kwa WhatsApp. Mimi nilikusudia saa 2 asubuhi, picha ikaonyesha 8:00. Mchana nikampigia, ukumbi mtupu, viti vimerundikwa. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, si umeandika nane? Ndiyo natoka." Saa sita za kupamba zilipotea, na mama wa bi harusi alilia mbele yangu. Kosa lilikuwa langu na liliniuma sana. Tangu siku hiyo, jina la kila shughuli linabeba saa ya Kiswahili ndani yake: "KUPAMBA, saa 2 asubuhi". Hata mtu akisoma picha tu, hapotei. Nyie wenzangu wa kazi hii, lifanyeni hilo kabla ya lolote lingine.

Kumwalika mtu ndani ya kalenda kunataka barua pepe, na mafundi wangu wengi hawaitumii. Kwa hiyo picha za WhatsApp zinaendelea. Bando likiisha, ratiba iliyokwisha ingia bado inafunguka, jambo kubwa ukiwa jikoni uani kwa watu.

Kitu ambacho wengi hawakijui: kwenye mipangilio unaweza kuongeza tarehe za Kiislamu zikae pembeni ya hizi za kawaida. Kwa kazi yetu ni msaada mkubwa. Ramadhani ikiisha tu, harusi za mfunguo mosi zinamiminika, na familia hazikutajii tarehe, zinakwambia "siku ya nne baada ya Idi". Ila kalenda inapiga hesabu, haitazami mwezi, na yaweza kupishana na kuandama kwenyewe kwa siku moja. Siku moja hiyo ni ng'ombe aliyechinjwa mapema na ukumbi uliokwisha chukuliwa na mwingine.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku itakapojua kuwa saa 2 ni saa 2.

Harusi za mfunguo mosi naziingiza zote kwa rangi ya kijivu. Usiku mwezi ukitangazwa, nakaa barazani na simu yangu, nazisogeza moja moja mahali pake, kisha ndipo nawapigia wapishi.