Nikorandili kwa maumivu ya kifua: dawa yenye fikra nzuri inayostahili nafasi ya pili

Nikorandili ni kidonge kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1984, na Uingereza kimejulikana zaidi kwa jina la Ikorel. Hupewa mgonjwa wa anjina, yaani yule ambaye kifua humbana apandapo ngazi au atembeapo haraka, kwa sababu mishipa inayolisha moyo wake imekuwa myembamba. Ninakipima kwanza kwa kigezo ambacho wauzaji hawakitaji sana: kinaafikiana vipi na namna moyo wenyewe unavyojipatia damu?

Hata mtu akiwa amepumzika, moyo hunyonya takriban asilimia 70 hadi 80 ya oksijeni iliyomo katika damu inayoupitia, kwa hiyo kazi inapoongezeka hakuna akiba kubwa ya kukamua na ni lazima damu yenyewe iongezwe. Mgawo huo husimamiwa na mishipa midogo sana ambayo kuta zake zina misuli laini, na katika utando wa seli za misuli hiyo mna vijitundu vya protini viitwavyo chaneli za potasiamu. Vikifunguka, potasiamu hutoka nje, ndani ya seli huzidi kuwa na chaji hasi, chaneli za kalsiamu hufungwa, na msuli uliopungukiwa na kalsiamu hulegea hadi mshipa ukapanuka. Nikorandili hufungua aina moja tu ya chaneli hizo, ile inayodhibitiwa na ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Ziko nyingine, zikiwamo zinazoitikia mabadiliko ya umeme wa utando, na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba hata ile ya ATP ikizibwa, damu ya moyo bado huongezeka wakati wa mazoezi. Anayesema kidonge hiki kimeshika ufunguo wote wa mzunguko wa damu ya moyo anatia chumvi.

Ustadi wake uko kwingine: molekuli hiyo hiyo ina pia sehemu ya naitreti, kemikali inayolegeza mishipa, ambayo hupanua vena (mishipa irudishayo damu moyoni) na ateri kubwa zinazolisha moyo, huku chaneli zikishughulikia zile ndogo. Katika utafiti wa IONA uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 5,126 na kuchapishwa mwaka 2002, waliopewa miligramu 20 mara mbili kwa siku juu ya dawa zao za kawaida walipatwa na kifo cha moyo, shambulio la moyo au kulazwa ghafla kwa maumivu ya kifua kwa asilimia 13.1, dhidi ya 15.5 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni matokeo ya heshima, ila vifo na mashambulio vilipohesabiwa peke yake, tofauti haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu.

Kasoro zake si ndogo. Maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo huvumilika, na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huanzishiwa miligramu 5. Vidonda ndivyo vinavyonitia shaka: hutokea mdomoni, kwenye ngozi, machoni au popote katika njia ya chakula hadi sehemu ya haja kubwa, huweza kutoboa utumbo, na kwa kawaida havisikii tiba mpaka dawa isimamishwe. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilisisitiza kwamba nikorandili itumike pale tu dawa za mstari wa kwanza, kama beta-bloka (dawa zinazopunguza kasi na kazi ya moyo), zinaposhindwa au hazimfai mgonjwa. Uamuzi huo naukubali kabisa. Anayetumia dawa za nguvu za kiume za kundi la sildenafili asiiguse, kwani shinikizo la damu laweza kuporomoka. Vidonge vyenyewe havistahimili unyevu, hivyo mkazi wa Mombasa au Unguja asivitoe katika foili yake kabla ya saa ya kumeza.

Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenklamaidi amjulishe daktari kabla ya kuandikiwa, kwa kuwa dawa hiyo hufunga chaneli za jamii ile ile ambayo nikorandili huja kuzifungua.