Zhukov au Rokossovsky: nani alikuwa jemadari bora?
Wote walikuwa majemadari wa Usovieti katika Vita vya Pili vya Dunia, wote walizaliwa 1896, wote walianzia jeshi la farasi. Tarehe 24 Juni 1945 walikutana tena juu ya farasi, katika Uwanja Mwekundu, Moscow: Rokossovsky akiongoza gwaride la ushindi, Zhukov akilipokea.

Kwa ushindi, Zhukov yuko mbele: Khalkhin Gol 1939 (dhidi ya Wajapani, mpakani mwa Mongolia), ulinzi wa Moscow, Berlin. Lakini alilipa kwa damu. Shambulio la Rzhev, mji ulio magharibi mwa Moscow, mwishoni mwa 1942, lilimeza askari wengi bila kuwang'oa Wajerumani.

Rokossovsky ndiye anayenigusa zaidi. Alikamatwa 1937 na polisi wa siri wa Stalin, kiongozi wa Usovieti, akapigwa hadi meno yakang'oka, akaachiwa 1940, kisha akaipigania nchi ile ile. Mwaka 1944, eneo la Bobruisk, huko Belarus, likiwa limejaa vinamasi, alitaka kushambulia kwa njia mbili badala ya moja. Stalin akamtoa nje ili afikiri upya. Akarudi na jibu lile lile, akakubaliwa, na Bobruisk ikatekwa kabla ya Juni kwisha.

Ukitaka kuelewa vita vilivyoendeshwa toka makao makuu, anza na Zhukov, naibu wa Stalin. Ukitaka kujifunza kupanga shambulio kwenye ardhi ngumu, msome Rokossovsky.